Jina la Raymond Siku ya Marehemu

Pale kambini kwenye mkonge mtu akihama kanisa, watu hawana haja ya kumuuliza sababu. Wanayo tayari. Huyu kafuata mke. Yule katafuta nafasi ya mwanawe kwenye sekondari ya wachungaji. Yule mwingine, ah, huyo tumwache, padri alimkatalia kufunga ndoa mara ya pili akaona isiwe taabu, akavuka korongo kwenda Kilutheri na mama watoto wake mpya. Na mwaka ule wa themanini na sita, kwa kuwa mitumba ilishaanza kushuka, walipatikana hata wa kusema fulani kaenda Kilutheri kwa ajili ya koti. Koti, jamani! Katika joto lile la bondeni, kati ya Same na Kisiwani, ambako mbuzi wanagombea kivuli jua halijapanda. Lakini ndivyo walivyo, na hakuna aliyewahi kuwaziba midomo.

Kwa hiyo Novatus alipoanza kuonekana na Mchungaji Abednego, wamesimama barazani wanaongea kwa sauti ya chini, kambi nzima ilishajua anataka nini. Anataka unyapara, maana bwana shamba anasali Kilutheri. Anataka cherehani ya msaada. Mkewe, Leticia, aliyasikia hayo yote bombani akiwa kwenye foleni ya maji, akajitwisha ndoo yake akaondoka. Angejibu nini? Miaka ishirini na ushee amelala na mwanamume yule kitanda kimoja, na hata yeye hakujua.

Kambi ile ilikuwa ya shamba la mkonge, imekatwa katikati na korongo kavu. Upande huu kigango cha Roma, upande wa pili kanisa la Kilutheri, na Jumapili kwaya zilishindana hadi ikawa kwaya moja ikinyamaza kuvuta pumzi unaisikia nyingine inaendelea.

Jumatano ile Leticia alikuwa uani anachambua maharage ya makande. Novatus aliingia, akanawa uso, akabaki amesimama na maji yanamchuruzika kidevuni.

"Jumapili hii tunapokelewa kule," alisema. "Mimi na wewe. Nimeshaongea na mchungaji."

Mkono wa Leticia ulisimama kwenye ungo. "Jumapili hii?"

"Hii hii."

"Jumapili hii ni tarehe mbili, Baba Ernesta."

"Naijua tarehe," alijibu Novatus, akaingia ndani.

Na hilo ndilo lililomtia Leticia hofu. Angekuwa amesahau, angemkumbusha, wangeahirisha wakacheka. Lakini alijua, na aliichagua siku hiyo akiijua.

Tarehe mbili Novemba Roma wanawakumbuka Marehemu Wote. Pale kigangoni walikuwa na desturi yao. Padri alikuja na pikipiki kutoka parokiani, misa moja tu, akiondoka ameondoka. Katikati ya misa alinyamaza, akawatazama, akasema, "Watajeni." Hapo kila mtu alifungua kinywa akawataja marehemu wake kwa sauti, wote kwa mara moja, mababu, wachanga, walioliwa na maradhi na walioliwa na barabara. Asiyezoea angedhani ni ugomvi. Na kila mtu alitaja wa nyumbani kwake, au yule aliyemlalia matanga. Kumtaja marehemu ambaye hukukaa msibani kwake waliona ni kujiitia msiba, na hakuna aliyethubutu.

Leticia alikuwa na jina moja tu. Raymond.

Raymond alikuwa mwanawe wa kwanza, na alikufa akiwa na miaka kumi na minane, enzi zile za shida yenyewe, wakati wanatafutwa wahujumu uchumi na mtu akificha gunia la sukari chini ya kitanda analala juu yake kama kuku. Sabuni haikuwepo. Watu walifulia majani ya mpapai. Walikula unga wa njano, unga wa Yanga, wakashukuru. Vijana wenye miguu walivuka mpaka hadi Taveta, wakarudi usiku na sabuni za mche mgongoni, na aliyefika salama nyumba yake ilipumua mwezi mzima. Raymond alikwenda na mwenzake Yonathani. Walipokaribia Kifaru mgambo wakawamulika tochi, vijana wakatawanyika, Yonathani akajilaza kwenye nyasi, Raymond akajitupa mtoni Ruvu. Wavuvi walimkuta asubuhi kwenye matete. Novatus ndiye aliyekwenda kumchukua. Alirudi naye kwenye lori, amemfunga shuka, akamwambia mkewe neno moja, kwamba maji yalimzidi.

Alikufa ghafla, bila padri, bila kitubio, na magendo mgongoni. Hilo ndilo lililomtafuna Leticia. Katekista aliwafundisha tangu wadogo kwamba aendaye hivyo ana mahali pa kungojea, na wa kumsogeza ni hawa waliobaki, kwa sala zao. Yeye hakuwa mtu wa vitabu. Alichojua ni kwamba mwanawe amesimama mahali nje ya mlango, na kila mwaka mama yake akilitaja jina lake anapiga hatua. Asipotajwa, je? Atakaa pale pale, wenzake wanampita, wanaitwa mmoja mmoja na mama zao, naye anageuza shingo kutazama kama wake amekuja. Wiki ile Leticia alikuwa hawazi lingine.

Kule Kilutheri hawaombei wafu. Hilo alilijua kila mtu. Ukishazika umezika.

Novatus kwa upande wake hakuwahi kulitaja jina lile. Ile miaka yote padri aliposema "Watajeni," Leticia alimwona pembeni yake ameuma midomo, jasho linamtoka. Mara baada ya matanga alikataza hata kuitwa Baba Raymond. Akatangaza kwamba yeye sasa ni Baba Ernesta, kwa jina la binti yao mdogo, na atakayemwita vingine haitikii. Watu walizoea. Ernesta mwenyewe baadaye aliolewa na Swalehe, mwenye duka kule Kifaru, akaitwa Safia na kufunga ushungi, kwa hiyo huko nako hakuna wa kuja kusimama kigangoni kumtaja kaka yake. Novatus akabaki kuitwa Baba Ernesta, wakati Ernesta hayupo tena.

Kisha mwaka ule Mchungaji Abednego akahamishiwa pale. Mtu wa milimani, mpole, baiskeli yake haina breki. Alipita nyumba hadi nyumba kusalimia, akaingia na kwa Novatus, akasikia habari za kijana, akasema maneno ambayo Leticia aliyasikia kutoka jikoni. "Mzee wangu, waliolala wako mikononi mwa Mungu. Wewe huna la kuongeza wala la kupunguza. Kazi hiyo imekwisha." Novatus alimwomba arudie. Mchungaji akarudia. Usiku ule Novatus alilala akakoroma, jambo ambalo Leticia hakulisikia tangu msiba.

Basi mkewe angefanyaje? Kumzuia mwanamume asilale?

Alhamisi aliamka na mpango. Akubali kuvuka, lakini atafute mtu wa kumtajia Raymond. Mtu mmoja tu, wa kusimama kule kigangoni saa ile ile na kulitamka jina mara moja. Mama Lukia, mwenyekiti wa jumuiya, angeweza, lakini Mama Lukia ukimwambia jambo asubuhi, mchana unaulizwa habari zake stesheni ya Same. Wengine walikuja kambini juzi juzi, wakata mkonge kutoka Kigoma na Njombe, hawakukaa kwenye msiba ule. Alibaki Nenkai.

Nenkai, mama yake Leshan, alikuwa Mmaasai wa nyikani aliyeleta maziwa kambini. Alibatizwa miaka michache nyuma, na siku za matanga ya Raymond alikaa chini na Leticia toka mwanzo hadi mwisho, kibuyu pembeni, akimlazimisha kunywa. Leticia alimngojea karibu na duka la Mangi Eliufoo. Mwenyewe alisimama mbali kidogo na duka, maana siku hizi Mangi alipanga sabuni juu ya kaunta, miche kwa miche, njano na bluu, mchana kweupe, wala hakuna wa kumkamata mtu. Ruksa! Kitu kilichomuua mtoto wake sasa kinauzwa na mtoto mdogo anatumwa kukinunua. Leticia hakuwa ameingia duka lile tangu bidhaa zirudi. Alifulia sabuni aliyoletewa na jirani na hakuuliza ilikotoka.

"Mama Leshan, nina shida," alianza. Akamweleza yote. Nenkai alisikiliza, kisha akarudi nyuma hatua moja kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mama yangu, usinipe hiyo."

"Jina tu, Mama Leshan. Mara moja."

"Kwetu mtu akishakwenda, jina lake halitajwi. Hasa kijana. Ukilitaja unamsumbua na unawasumbua walio hai. Hata mwenye jina kama hilo nyumbani anaitwa kingine."

"Lakini wewe ni Mkristo sasa. Mbona nakuona kila mwaka unawataja?"

Nenkai alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mimi? Natikisa midomo tu. Padri anaona inacheza, anafurahi."

Siku nyingine Leticia angeangua kicheko hadi akae chini. Siku ile alishika tu mkono wa rafiki yake, akajua hawezi kumwongezea mzigo ule. Nenkai alimpa maziwa bure, jambo ambalo halikusaidia kitu.

Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Leticia aliunguza makande. Alimsalimia katekista mara mbili kwa dakika moja. Alifikiri kwenda kanisani mapema, asimame mlangoni kabla ya misa na kulitaja peke yake, kisha akawaza, sala ya mtu mmoja anayekimbia itafika wapi? Alifikiri kujitia ugonjwa. Alifikiri kumwambia Novatus waziwazi, nenda wewe, mimi nabaki. Lakini mke kubaki Roma wakati mume kavuka, kambi ile ingewatafuna mifupa. Na alipomtazama mumewe akipiga pasi shati lake, kwa uangalifu, ameinama juu ya pasi ya mkaa na uso umetulia, aliinuka akamletea mkaa mwingine.

Jumapili walitoka pamoja. Jua lilikuwa limeshawaka na upepo wa Same unapeperusha vumbi jekundu. Kengele ya Roma ilikuwa ya kwanza. Watu wa jumuiya walipita wakiwasalimia, wakiwa na mishumaa ya kwenda nayo makaburini, na Mama Lukia aligeuka mara tatu kuwatazama. Walipofika ukingoni mwa korongo Leticia alisimama.

"Baba Raymond," alisema.

Novatus aligutuka. "Nimeshasema jina hilo—"

"Baba Raymond, twende kesho kutwa. Twende Jumapili ijayo. Nitavuka, nakuapia, nitaimba hata na kwaya yao. Leo niache nikamtaje mtoto. Hana mtu mwingine."

"Leo ndiyo siku siwezi kuwa kule, mke wangu."

"Kwa nini? Amekukosea nini Raymond? Kafa, hujamsamehe? Ni magendo tu, Novatus! Kambi nzima walifanya!"

Novatus alikaa chini, pale pale kwenye mavumbi, na shati lake jeupe. Alisema akiwa anatazama mikono yake.

"Mimi ndiye niliyemtuma. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kabla hajatoka nilimwonyesha namna ya kufunga mzigo. Nilimfunga mwenyewe kwa kamba ya kwetu, ya katani. Nikampiga fundo lile tunalofungia marobota ya mkonge kiwandani, lisilegee njiani, maana safari ya kwanza mche mmoja ulidondoka nikamgombeza. Nikamwambia akirudi afunge vile vile. Na mtoto msikivu." Aligeuza viganja vyake. "Leticia, katani ikilowa inakaza. Mimi kazi yangu ni hiyo, nani anajua kuliko mimi? Nilimkuta na mzigo mgongoni. Hapa, kifuani, kamba imeingia nyamani. Kucha zake zimevunjika kwa kulifungua. Nilikata kwa panga kabla sijamfunga shuka, usione."

Kengele ya Kilutheri ilianza kugonga.

 Leticia alitaka kumpiga. Kweli kabisa, alitaka kumrukia na kumpiga kwa ngumi zote mbili. Miaka mitatu yeye anapiga magoti kumwombea mtoto dhambi ya sabuni, na pembeni yake huyu mtu ameuma midomo na jambo hili ndani!

"Kila mwaka mkitaja majina," alisema Novatus, "mimi nasikia kama naulizwa. Sasa huyu mchungaji anasema kazi imekwisha. Niache niende mahali ilipokwisha. Ila usiniache nikasimame peke yangu."

Alimshika ncha ya khanga kama mtoto. Nyuma yao kwaya ya Roma ilishaanza wimbo wa kuingilia. Leticia alitazama huko, akatazama mbele, akamtazama mwanamume aliyekaa kwenye vumbi. Kisha akamwinua, akamkung'uta suruali, akashuka naye korongoni. Kila hatua aliyoteremka alijiambia, sasa ndiyo namwacha mwanangu. Alipopanda upande wa pili alikuwa halioni vizuri kanisa lenyewe.

Waliwekwa benchi la mbele. Nyimbo zilipita, masomo yakapita, mahubiri yakapita, na Leticia hakusikia hata neno. Alikuwa anapima saa kwa masikio. Madirisha ya kanisa lile hayakuwa na vioo, na ng'ambo ya korongo sauti za Roma ziliingia na kutoka na upepo. Sasa wanaimba utukufu. Sasa kimya, padri anahubiri. Sasa wanaimba tena.

"Waje mbele ndugu zetu," alisema Mchungaji Abednego.

Walisimama mbele, wazee wa kanisa wakajipanga pembeni. Mchungaji alimgeukia Novatus kwanza. Taja jina lako mbele ya Mungu na ushirika huu. Novatus akataja. Umekuja kwa hiari yako? Kwa hiari yangu. Sauti yake ilikuwa imara, na uso wake ulikuwa na amani ya mtu anayekaribia kupewa maji.

Na ng'ambo ya korongo wimbo ukakatika. Leticia alijua ni nini. Pale pale zikafuata sauti, kwanza moja moja, kisha zote, watu wa kigango kizima wanaita marehemu wao, na upepo unazileta zimechanganyikana kiasi kwamba hakuna jina unaloweza kulishika. Alitega sikio kama mwendawazimu. Labda Nenkai. Labda Mama Lukia, kwa umbea wake tu. Lakini alijua halimo.

"Na wewe mama," mchungaji alisema kwa upole. "Taja jina lako."

Leticia alifungua kinywa.

"Raymond," alisema.

Watu kwenye mabenchi wakatazamana. Mchungaji alidhani ni woga. "Jina lako wewe, mama."

"Raymond wa Novatus!" Sasa alikuwa anapaza sauti, kama wanavyopaza kule. "Raymond! Raymond mwanangu!"

Mzee mmoja wa kanisa alipiga hatua ili amtoe. Mchungaji akamzuia kwa mkono. Alimsogelea Leticia karibu kabisa, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama yangu, huyo hana haja ya kuitwa. Huyo yuko mikononi mwa Mungu. Ametulia."

"Una hakika, baba?"

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na machozi yanamtiririka. Mchungaji Abednego alikuwa mtu mkweli, na hapo ndipo ulipo mkasa wenyewe, kwa sababu mwongo angejibu mara moja. Alimtazama mama yule.  Ng'ambo sauti zilikuwa zinaanza kupungua.

"Jibu, mchungaji," alisema Novatus. Amani ilikuwa imemtoka usoni yote.

"Ninalo tumaini, mzee wangu," alisema Mchungaji Abednego. "Tumaini kubwa sana."

"Tumaini?"

"Ndilo nililopewa. Zaidi ya hapo ningekudanganya."

 Novatus akageuka, si kwa mchungaji wala kwa mkewe, akaelekea lile dirisha lisilo na kioo, na wazee wakampisha. Aliweka mikono yake miwili juu ya ukingo. Kule ng'ambo ilibaki sauti moja tu ya kikongwe fulani, bado inataja, ina wafu wengi.

"Raymond," alisema Novatus.  Akasema tena, kwa nguvu, akiita, kama baba anavyomwita mtoto aliye mbali shambani. "Raymond! Ni mimi baba yako. Nilikufunga vibaya, mwanangu. Nisamehe."

Hakuna mzee aliyemnyamazisha. Leticia alikwenda akasimama pembeni yake pale dirishani, akiwa anamsikiliza, na mumewe akaendelea kuliita jina lile hata baada ya upande wa pili kunyamaza wote.